Kabla ya kuvuka barabara, tazama kulia kwanza



Ukisikia neno "alama za barabarani" huenda ukasema moyoni: mimi sina gari, wala sina leseni, mambo hayo ni ya madereva. Tunakuomba usifunge ukurasa huu. Alama hizo zimewekwa kwa ajili ya dereva, ni kweli, lakini anayeumia dereva asipozitii mara nyingi ni mtu anayekwenda kwa miguu. Na mtembea kwa miguu naye anazo alama za kumlinda, kama anajua kuzisoma.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani kote. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali ndizo zinazoongoza kwa kusababisha vifo. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Ndiyo maana sisi wa idara ya afya tunaandika juu ya barabara, kama tunavyoandika juu ya malaria na kipindupindu. Watu husema ajali haina kinga. Sisi tunasema kinga ipo, na sehemu kubwa ya kinga hiyo iko machoni pako.

UPANDE UMEBADILIKA

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalifikirii. Wewe uliyetoka Uvira, Baraka au Fizi, na wewe uliyetoka Burundi, mlikulia katika nchi ambazo magari hupita upande wa kulia wa barabara. Ndivyo ilivyo Kongo, Burundi na Rwanda, nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji. Hapa Tanzania, kama ilivyo Kenya na Uganda zilizotawaliwa na Waingereza, magari hupita upande wa kushoto.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini angalia linavyofanya kazi. Unapofika ukingoni mwa barabara kule nyumbani, gari la kwanza kukufikia hutoka upande wako wa kushoto. Kwa hiyo tangu utoto macho yako yamezoea kutazama kushoto kwanza, kisha ukapiga hatua. Hapa Tanzania gari la kwanza kukufikia hutoka upande wako wa kulia. Ukitazama kushoto, ukaona kweupe, ukaingia barabarani, umelipa gari kisogo.

Mazoea ya mwili ni magumu kuondoka. Mtu aweza kukaa hapa miaka 10 na bado, siku akiwa na haraka au mawazo mengi, macho yakakimbilia upande wa zamani. Mzazi naye humfundisha mtoto wake vile alivyofundishwa na mama yake: "Mwanangu, tazama kushoto kwanza." Wosia huo ulikuwa sahihi kule Uvira. Hapa ni hatari. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na wako watoto wengi waliozaliwa humu ambao hawajawahi kuona barabara nyingine. Hao wafundishwe kanuni ya hapa, na sisi wazazi tuibadilishe tuliyokuja nayo.

Kanuni ya hapa ni hii: simama ukingoni, tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, sikiliza, ndipo uvuke. Vuka kwa kunyooka na bila kukimbia, kwa maana anayekimbia hujikwaa.

Unapotembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia, ili magari yaliyo karibu nawe yaje mbele ya uso wako. Kule nyumbani ulikuwa unatembea upande wa kushoto kwa sababu hiyo hiyo. Ukibaki na desturi ya zamani, lori litakuja nyuma ya mgongo wako. Mwenye baiskeli yeye hupita kushoto, kama magari.

UMBO NA RANGI: LUGHA AMBAYO HAIKUBADILIKA

Sasa habari njema. Upande umebadilika, lakini alama zenyewe hazikubadilika sana. Mwaka 1968 mataifa yalikutana huko Vienna, Austria, yakakubaliana juu ya mkataba wa alama za barabarani, ili msafiri azielewe hata kama hajui lugha ya nchi aliyomo. Hata nchi ambazo hazikujiunga na mkataba huo hutumia maumbo yanayofanana nao. Kwa hiyo aliyezijua alama kule Kongo au Burundi anaweza kuzisoma hapa. Na asiyejua kusoma maandishi anaweza pia, kwa sababu kinachosema kwanza ni umbo na rangi.

Pembetatu yenye ncha juu na ukingo mwekundu inaonya. Inasema: mbele yako kuna jambo la hatari, punguza mwendo. Picha iliyo ndani yake ndiyo hutaja jambo lenyewe: watoto, kona kali, daraja jembamba, tuta, utelezi, ng'ombe.

Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Likiwa na namba, namba hiyo ndiyo mwendo wa juu unaoruhusiwa. Duara lenye 50 maana yake dereva asizidi kilomita 50 kwa saa. Likiwa na magari mawili sambamba, ni marufuku kulipita gari jingine mahali hapo.

Duara la bluu linaamuru. Mshale mweupe ndani yake unaonyesha upande ambao dereva lazima aufuate.

Mraba au mstatili kwa kawaida hutoa taarifa: hapa pana kivuko, hapa pana hospitali, mji fulani uko umbali huu.

Alama mbili zimepewa maumbo ya pekee kwa sababu ya uzito wake. Ya kwanza ni nyekundu yenye pembe nane. Hiyo humwamuru dereva asimame kabisa, magurudumu yatulie, hata kama haoni gari lolote. Ya pili ni pembetatu iliyopinduliwa, ncha ikiwa chini. Hiyo humwambia dereva awape nafasi walio kwenye barabara anayoiingia. Alama hizi ukiziona kwa nyuma, au zikiwa zimefunikwa vumbi la mwezi wa nane, bado utazitambua kwa umbo lake.

Wageni hushangaa pia wakisikia neno "kipilefti". Ndivyo Watanzania wanavyoita mzunguko wa barabara katikati ya mji. Hapa magari huuzunguka kwa kuufuata upande wa kushoto, kama mishale ya saa inavyokwenda. Kule Bujumbura huuzunguka kinyume chake. Ukipata kibali cha kwenda mjini kwa matibabu au kwa shughuli nyingine, usivuke kwa kukatiza katikati ya kipilefti. Tafuta kivuko.

Iko na alama nyingine isiyo ya serikali ambayo kila mtu barabarani anaifahamu: matawi ya miti yaliyotandazwa juu ya lami. Maana yake ni kwamba mbele kuna gari lililoharibika au kuna ajali. Ukiyaona, jihadhari. Na usiwaache watoto wayaondoe kwa mchezo, maana dereva ajaye usiku hana onyo jingine.

ALAMA UTAKAZOKUTANA NAZO MARA KWA MARA

Picha ya watoto wawili ndani ya pembetatu. Inapatikana karibu na shule. Dereva anatakiwa apunguze mwendo na awe tayari kusimama. Walimu wachague sehemu moja ya kuvukia karibu na alama hiyo, na wanafunzi wote wavukie hapo.

Mistari minene myeupe barabarani, yaani zebra. Hiki ni kivuko cha watembea kwa miguu. Sheria inamtaka dereva asimame akikuta mtu anavuka. Lakini wewe usiitegemee sheria peke yake. Simama, onana macho kwa macho na dereva, hakikisha gari limesimama kweli, ndipo uweke mguu. Gari la kwanza likisimama, angalia kama nyuma yake hakuna pikipiki inayotaka kulipita.

Pembetatu yenye tuta. Magari hupunguza mwendo hapo, lakini si yote. Dereva mgeni huweza kuliona tuta akiwa amechelewa, akakwepa pembeni, na pembeni ndipo watu wanapotembea.

Mstari mrefu usiokatika katikati ya lami. Unamkataza dereva kuuvuka ili kulipita gari jingine, kwa kuwa haoni vizuri mbele, kwa mfano penye kona au kilima. Nawe usivuke barabara mahali pa namna hiyo. Kama dereva hakuoni, na wewe humwoni.

KWA NINI DEREVA HASIMAMI MARA MOJA

Tumesikia watu wakisema: "Dereva ameniona, atasimama." Tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde moja. Dereva akikuona, inampita karibu sekunde nzima kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kwa hiyo mita 14 zimekwisha kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Likiwa kwenye kilomita 80, mita zinazopotea ni 22. Ndipo breki zianze kazi yake, nayo huhitaji mita nyingine nyingi, na zaidi sana barabara ikiwa na tope au changarawe.

Lori lililobeba mahindi ni zito, nalo huchelewa zaidi kusimama. Boza la maji lisilojaa lina shida yake: dereva akifunga breki, maji ndani ya tangi husukumana kwenda mbele na kulisukuma gari. Watoto wanaopenda kukimbia mbele ya boza, au kudandia nyuma yake, hawajui jambo hili. Mzazi alijue.

Tena dereva wa lori haoni kila mahali. Hapa Tanzania usukani uko kulia, kwa hiyo upande wa kushoto wa lori, karibu na mlango wa abiria, ndio wenye giza kubwa kwake. Huko ndiko barabara inakopakana na watu. Baadhi ya malori yanayotoka Kongo na Burundi yana usukani kushoto, na dereva wake akitaka kulipita gari jingine hapa kwetu haoni mbele mpaka ajitokeze. Nyuma ya lori lolote dereva haoni kitu. Usipite nyuma ya lori linalorudi kinyumenyume, na usilale wala kupumzika chini ya lori lililosimama.

Katika miaka ya karibuni sehemu kubwa ya barabara kutoka Kasulu kupitia Kibondo kuelekea Nyakanazi imewekwa lami. Ni maendeleo makubwa. Mgonjwa hufika hospitali mapema na bidhaa hufika sokoni. Lakini barabara ya vumbi ilikuwa ikimpunguza dereva mwendo yenyewe, kwa mashimo yake. Lami haimpunguzi. Sasa kinachompunguza ni alama, tuta na dhamiri yake. Ukitoka kambini ukafika kwenye lami, usivuke kwa kipimo cha barabara za ndani ya kambi.

WATOTO WETU

Mtoto mdogo si mtu mzima aliyepunguzwa urefu. Hawezi kukadiria vizuri gari liko mbali kiasi gani na linakuja kwa mwendo gani. Masikio yake husikia mlio lakini hajui unatoka wapi. Akiona mpira au rafiki ng'ambo, husahau barabara. Na kwa kimo chake, dereva hamwoni nyuma ya gari lililosimama au nyuma ya majani marefu.

Kwa hiyo wazazi tunawaomba haya. Mtoto mdogo ashikwe mkono wakati wa kuvuka, na ashikwe kwenye kifundo cha mkono, si kwenye kidole. Asitumwe maji peke yake kama bomba liko ng'ambo ya barabara kuu ya kambi. Mfundishe kwa vitendo: nenda naye mpaka ukingoni, umwambie akuonyeshe kulia kwa mkono, kisha atazame. Rudia siku nyingi, kama unavyorudia kumfundisha kunawa mikono. Na usiku au alfajiri mvalishe nguo ya rangi nyeupe au ya kung'aa.

Ukishuka kwenye basi na mtoto, usipite mbele ya basi wala nyuma yake kabla halijaondoka. Ngoja liende, ili uone na uonekane.

KWA WANAOENDESHA

Wako miongoni mwenu waliokuwa madereva kule nyumbani, na wako vijana wanaotamani kazi hiyo. Kumbukeni kwamba kuendesha kunahitaji leseni inayokubalika hapa nchini, na kwamba matumizi ya baiskeli na pikipiki hufuata taratibu za kambi. Ulizeni ofisi husika kabla ya kupanda.

Dereva aliyezoea kulia hukosea hasa nyakati tatu: anapotoka maegesho asubuhi barabara ikiwa tupu, anapokata kona kuingia barabara nyingine, na anapokwepa hatari kwa ghafla. Nyakati hizo mikono hukimbilia upande wa zamani. Jiambie kwa sauti: "kushoto, kushoto", hata kama abiria atakucheka.

Mwenye pikipiki na abiria wake wavae kofia ngumu, yaani helmeti, na mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Helmeti isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kugonga chini. Mfupa wa mguu ukivunjika huungwa. Ubongo ukijeruhiwa, mara nyingi haurudi ulivyokuwa.

ALAMA ZIKIIBWA

Tuseme ukweli wetu. Mabati na nguzo za alama hung'olewa, zikauzwa kama chuma chakavu au zikafuliwa majiko. Aliyeuza hupata fedha kidogo. Lakini siku iliyofuata dereva asiyeijua njia hufika kwenye kona au kwenye shule bila kuonywa. Anayeng'oa alama ya watoto mbele ya shule ameng'oa mlinzi wa watoto wake mwenyewe. Ukiona alama imeanguka, imeng'olewa au imefunikwa na majani, mwambie kiongozi wa kijiji au wa zoni. Kufyeka majani mbele ya alama ni kazi ambayo kikundi cha vijana chaweza kuimaliza asubuhi moja. Na kama katika eneo lenu magari yanapita kwa kasi karibu na bomba, soko au shule, na hakuna alama wala tuta, pelekeni ombi hilo katika mkutano wa zoni. Ni haki yenu kuomba.

IKITOKEA AJALI

Kwanza zuia ajali ya pili. Weka matawi barabarani pande zote mbili, mbali kidogo, na mtu mmoja asimamishe magari. Mtume mwingine kwenye kituo cha afya kilicho karibu au kwa askari. Namba ya dharura ya polisi nchini Tanzania ni 112.

Usimwinue majeruhi kwa haraka, wala kumketisha. Huenda shingo au uti wa mgongo umevunjika, na kumkunja kwaweza kumpoozesha. Msogeze tu kama kuna moto au hatari nyingine, na wakati huo watu kadhaa wambebe kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka.

Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Vaa glavu, au funika mkono wako kwa kitu kisichopitisha damu. Usimpe maji wala chakula, maana huenda akahitaji upasuaji. Mfunike asipate baridi na uzungumze naye.

Aliyegongwa kichwani apelekwe kwa mganga hata kama amesimama na kusema hajambo. Akitapika, akisinzia kupita kiasi, akichanganyikiwa, au damu au maji yakitoka masikioni, hiyo ni hatari. Usiseme alale tu atapona.

SIKU UTAKAPOVUKA MPAKA

Tunamalizia na neno kwa wanaojiandaa kurejea nyumbani. Ukivuka pale Manyovu kuingia Mugina, magari hubadili upande. Wewe mtu mzima macho yako yatakumbuka. Lakini mtoto wako aliyezaliwa kambini, ambaye umemfundisha vizuri kutazama kulia, atafika katika nchi ambayo hatari hutoka kushoto. Lile lile lililomlinda hapa litamponza kule. Hata kwa familia zinazohamia nchi za mbali, sehemu nyingi za Ulaya na Amerika magari hupita kulia.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kufika, kabla ya kufungua mizigo, mshike mtoto mkono, mpeleke ukingoni mwa barabara, muangalie pamoja magari yanatoka wapi. Hilo ndilo somo la kwanza la nchi yoyote.

KUMBUKA

Hapa Tanzania: kulia, kushoto, kulia tena, ndipo uvuke.
Tembea upande wa kulia, ukiyatazama magari yanayokuja.
Pembetatu inaonya. Duara jekundu linakataza. Duara la bluu linaamuru. Pembe nane inasimamisha.
Mtoto mdogo ashikwe mkono.
Alama ni mali ya wote. Usiing'oe, usiinunue.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani gazeti hili. Na kama jirani hajui kusoma, msomee.